Maziwa ya Saa Sita

Mama Sufuria alikuwa na umri wa miaka arobaini na nane, na katika miaka hiyo yote hakuna kofi lililomfikia likakosa kurudi lilikotoka. Kaka yake mkubwa alimjaribu wakiwa watoto, akang'atwa sikio, na mpaka leo mtu mzima yule huvaa kofia hata akiwa sebuleni kwake. Mumewe naye alimjaribu kwa miaka sita. Mwisho ukawa asubuhi moja mezani, binti yao akiwa palepale na kipande cha mkate mdomoni. Mwiko uliinuka, mfupa wa mkono ukalia, na bwana akatoka mlangoni ameubeba mkono wake kama mzigo wa mtu mwingine. Hakurudi tena.

Watu walimwambia hasira hasara. Yeye alijibu kwamba hasara ni ile miaka sita, na hasira ndiyo iliyomtoa humo. Ukimsikiliza, huwezi kumnyima haki yake, maana kila aliyempiga alistahili. Tatizo ni kwamba mtu akipatia kila mara huanza kuamini kuwa mkono wake una akili kuliko kichwa chake.

Alifanya kazi kwenye kampuni ya ulinzi, nyuma kabisa ya uwanja, palipokuwa na vizimba kumi na viwili vya mbwa. Kila siku alipika sufuria moja kubwa ambayo mtoto angeweza kuogea ndani: uji mzito wa unga, matumbo na mapafu ya ng'ombe yaliyokatwakatwa, karoti. Alikoroga kwa mwiko mrefu unaoshikwa kwa mikono miwili. Baada ya hapo aliosha mabakuli, akasugua sakafu kwa dawa inayochoma pua, akasukuma maji machafu kwenye mfereji. Mbwa wale walifunzwa kumrarua mtu yeyote anayeruka ukuta, lakini wakisikia mfuniko wa sufuria ukigonga, majitu yale yote yalilia kwa kubembeleza. Alikuwa akiwatukana kwa mapenzi, na wao walimpenda kwa matusi yake.

Bwana wa vizimba alikuwa mkufunzi aliyeitwa Sajini. Kama kweli aliwahi kuwa sajini, cheti chake hakuna aliyekiona, lakini alitembea kisajini, alikohoa kisajini, na filimbi haikutoka shingoni mwake. Kando ya mlango wa ofisi yake palikuwa na msumari, na kwenye msumari palining'inia rungu la mti mzito, mpini wake umeng'aa kwa kiganja.

Rungu lile lilikuwa na sheria yake. Mtoto wa mbwa akihara asubuhi tatu mfululizo, asubuhi ya tatu haimalizi. Sheria haikutoka hewani. Miaka minane nyuma uliingia ugonjwa wa kuhara damu, Sajini akasubiri, akabembeleza, akatia watu moyo, na kwa siku tisa akazika mbwa kumi na tisa kwa mikono yake. Tangu hapo hakusubiri tena. Sheria ya pili ilimhusu binadamu: hakuna ruhusa ya kumpa mbwa kitu chochote nje ya saa za chakula. Mpishi aliyekuwapo kabla ya Mama Sufuria alitiwa maneno na wezi, akawatupia mbwa wawili nyama yenye sumu. Ukionekana unalisha kwa siri, kazi huna.

Mwaka huo jike mmoja alizaa watoto saba. Mama Sufuria aliwaachisha ziwa mwenyewe, kwa uji mwepesi na mchuzi wa nyama aliousaga kwa mkono. Walipofika wiki ya saba walikuwa wameshapata sura na tabia. Wawili walikuwa walafi kupita kiasi, akawaita Bonge na Shibe. Wakila, waliingia kwenye sahani kwa miguu yote minne. Wa mwisho kuzaliwa, Kitinda, alikuwa mdogo wa kutia huruma, anasukumwa huku na huku, anasubiri wenzake washibe ndipo alambe pembezoni.

Jumatatu yakaja magunia. Mwenye kampuni alikuwa ameamua: kuanzia siku hiyo mbwa wote watakula chakula kikavu cha punje, kile kinachotoka kiwandani, na sufuria ipumzike. Mbwa wakubwa walikitafuna bila neno. Watoto walikinusa, wakakaa chini, wakamwangalia Mama Sufuria.

"Hawa bado wachanga, Sajini," alisema. "Niache niwachanganyie. Leo uji mwingi, punje chache. Kesho tunaongeza kidogo."

"Amri imesema kuanzia leo."

"Amri haina tumbo. Hawa wanalo."

"Mama," Sajini alisema, tena kwa upole, "jeshini sisi hatukuchanganyiwa. Tuliwekewa chakula mezani, tukala. Njaa ni mwalimu mzuri, waache watafundishika."

"Ndiyo maana mpaka leo unajamba kwenye gwaride."

Walinzi wawili wa getini walicheka mpaka wakashika ukuta. Sajini hakucheka. Aliifunga stoo ya unga, akatia ufunguo mfukoni.

Saa sita mchana Sajini aliwapeleka mbwa wakubwa mazoezini. Watoto wale saba walikuwa wakilia, na kilio cha mtoto mwenye njaa Mama Sufuria hakukiweza, hata kama mtoto ana mkia. Alikwenda kwenye begi lake, akatoa chupa ya chai. Ndani mlikuwa na maziwa ya ng'ombe ya moto, maziwa yake mwenyewe ya mchana. Akayapoza, akayamimina sahanini. Bonge na Shibe walizama mpaka masikioni. Waliobaki walipata walichopata, na Kitinda alilamba sakafu. Mama Sufuria aliwatazama matumbo yao yakivimba, akajisikia mshindi. Alijiambia kuwa mwenye moyo katika uwanja ule ni yeye peke yake.

Jumanne asubuhi Bonge na Shibe walikuwa wamehara. Sajini akachukua chaki, akachora mstari mmoja mlangoni kwa kila mmoja wao.

"Ni punje zako hizo," Mama Sufuria alimwambia.

"Tutaona."

Kwa kuwa ni punje, dawa yake ilikuwa wazi: mchana ule akaleta chupa mbili. Mchelea mwana kulia hulia yeye, methali anaijua kila mtu, lakini nani huikumbuka mtoto anapolia? Jumatano Bonge na Shibe walitoa maji matupu yenye povu, na wengine nao wakaanza. Mistari ikawa miwili kwa wale wawili, mmoja kwa kila mwenzao. Saa sita akaleta maziwa tena. Bonge alikunywa akitetemeka, macho yameingia ndani, na bado alimlamba kidole akimshukuru.

Alhamisi, saa moja asubuhi, Sajini alifungua mlango wa kizimba, akatazama sakafu, akaenda kwenye msumari.

"Sajini, leo ni Alhamisi," Mama Sufuria alisema akimfuata. "Ndiyo siku ya daktari wa mifugo, anakuja mchana. Ni saa chache tu, baba. Msubiri daktari."

"Nilimsubiri daktari ule mwaka. Alipofika nilikuwa nimechimba mashimo kumi na tisa." Sauti yake haikupanda. "Leo ni hawa wawili. Kesho chumba kizima, maana mistari yao ikifika mitatu hakuna tena cha kuchagua. Toka mlangoni."

"Nakuomba kwa jina la mama yako."

"Toka mlangoni, mama."

Akampisha. Jambo hilo baadaye lilimuuma kuliko mengi, kwamba alimpisha. Sajini alimshika Bonge kwa ngozi ya shingo, akamtoa nje, akamlaza kwenye saruji. Bonge alidhani anachezewa. Alipindua kichwa akaulamba mkono uliomshika. Rungu lilishuka mara moja. Sauti yake ilikuwa ndogo na kavu, na miguu ya nyuma iliendelea kukimbia kidogo, peke yake, halafu ikatulia. Shibe aliona, au alinusa, akaanza kupiga kelele za mtoto wa mtu. Rungu lilishuka mara mbili, kwa sababu mkono wa Sajini ulikuwa umeanza kutetemeka.

Kutetemeka huko Mama Sufuria hakukuona. Alichoona ni damu ikitambaa kwenda kwenye mfereji alioupiga brashi jana yake. Mwiko ulikuwa umeegemea ukuta wa jiko. Sajini alipogeuka, mwiko ulimkuta usoni.

Taya lilipasuka na kila mtu akalisikia. Meno mawili yalianguka kwenye saruji, karibu na Shibe. Sajini aliyumba lakini hakuanguka, akazungusha rungu na kumpata Mama Sufuria begani, mfupa wa mtulinga ukavunjika katikati. Mkono wake wa kushoto ukafa. Akaushika mwiko kwa wa kulia, akampiga mbavuni, akampiga gotini, na alipoanguka akampiga tena mgongoni huku akilia na kutukana mpaka matusi yakamwishia, akabaki anapiga kimya kimya. Mbwa wakubwa walikuwa wamepandwa na wazimu, wanarukia nyavu mpaka ndimi zinatoka damu. Walinzi walikuja mbio wakamvuta Mama Sufuria kwa nyuma, naye akamng'ata mmoja wao mkono.

Sajini alipopakiwa kwenye gari hakuweza kusema. Alimwangalia mlinzi wa getini, akainua mkono wenye damu na vidole vitano vilivyokunjuliwa. Akaonyesha kizimba, halafu rungu. Mlinzi akaitikia kwa kichwa. Kesho asubuhi, watano.

Mama Sufuria alikataa hospitali. Alifunga mkono kifuani kwa mtandio, akaketi mbele ya kizimba, akamsubiri daktari wa mifugo. Maumivu yalikuwa yakimpandisha kichefuchefu, lakini moyoni alikuwa ametulia kabisa. Alikuwa amempiga mtu aliyestahili. Hilo lilikuwa jambo alilolizoea.

Daktari alifika saa tisa, mtu mfupi mwenye buti za mpira, na alipoambiwa habari aliinama akaanza kazi. Aliwapima joto mmoja mmoja. Aliwafunua fizi. Aliwafinya ngozi ya mgongo kuona kama inarudi upesi. Alichota uchafu kwa kijiti, akaunusa bila haya.

"Ni punje, si ndiyo?" Mama Sufuria aliuliza. "Nilimwambia yule mwuaji. Nilimwambia!"

"Punje zimechangia. Kumbadilishia mbwa mdogo chakula kwa siku moja ni kosa, tumbo linataka wiki nzima na zaidi. Lakini punje peke yake zingewalegeza siku mbili, wakapona. Haya ni maji na povu, yana harufu ya uchachu." Alimwinua Kitinda kwa kiganja kimoja. "Tena kuna kitu sikielewi, mama yangu. Huyu mdogo. Siku zote kitindamimba ndiye hutangulia kufa. Huyu ndiye mzima kuliko wote. Na mnasema waliohara kwanza ni wale wanene?"

"Wale walafi. Ndiyo."

"Basi mwenye nguvu ya kufika sahanini ameumia, asiyefika amepona." Daktari alimweka Kitinda chini. "Kuna mtu anawapa maziwa ya ng'ombe?"

Chupa ilikuwa nyuma ya jiko, hatua sita kutoka pale alipoketi.

"Kwa nini unauliza?" alisema.

"Kwa sababu tumbo la mtoto wa mbwa halina cha kuyavunjia. Humkoroga mpaka anakauka. Kama kuna aliyewapa, nitaandika kwamba si ugonjwa, hao watano wataishi, na karatasi yangu inapita amri ya Sajini. Kama hakuna, siwezi kuapa. Kipimo cha ule ugonjwa wa kuhara damu sina hapa. Mwanzo mwanzo huweza kufanana, na nikikosea vizimba vyote kumi na viwili vitakwisha. Itanibidi nikubaliane na Sajini." Alimtazama usoni. "Kuna mtu?"

Hapo Mama Sufuria aliwaona Bonge na Shibe. Walikuwa bado kwenye saruji, wamefunikwa gunia la punje, miguu minane midogo imechungulia nje. Aliikumbuka sahani, aliyakumbuka masikio yaliyolowa maziwa, alikumbuka chupa ya pili. Akaelewa. Alikuwa amewapakulia sumu kwa upendo, siku tatu, saa sita kamili, halafu akamvunja mtu taya kwa kuimaliza kazi aliyoianza yeye. Alitamani bega limuume zaidi, limuue kama linaweza.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Akanyanyuka, akaenda nyuma ya jiko, akarudi na chupa, akaiweka miguuni pa daktari.

"Ni mimi," alisema. "Andika."

Daktari aliandika. Mlinzi wa getini aliisoma karatasi, akalirudisha rungu kwenye msumari. Mwenye kampuni alimfukuza Mama Sufuria kwa simu, maneno machache, na alistahili. Mama Sufuria aliomba kitu kimoja tu, kesho yake asubuhi amwonyeshe mlinzi namna ya kulisha. Maji yenye chumvi na sukari kidogo, yanywewe mara nyingi. Baada ya hapo wali uliopondwa na nyama iliyochemshwa bila mafuta. Wakitoa choo kigumu ndipo punje zianze: robo kwa siku tatu, nusu kwa siku tatu, robo tatu kwa siku tatu, tena zilowekwe maji ya uvuguvugu. Mlinzi aliandika yote kwenye kiganja kwa kalamu, na kiganja kilipojaa akahamia mkononi, juu ya alama za meno ya Mama Sufuria.

Nyumbani, binti yake, ambaye ni msusi, aliwaambia wateja warudi kesho. Alimpeleka mama yake kwa mfunga mifupa wa hospitali, akamrudisha, akamketisha, akamtazama.

"Safari hii nani, mama?"

Akamwambia yote, na chupa pia.

Binti aliketi mbele yake. "Siku ile ya baba," alisema, "mkate ulinikwama hapa. Sikulia kwa sababu ulisema anastahili, nikakuamini. Na huyu alistahili?"

"Aliwaua watoto wangu."

"Mama. Nimekuuliza kitu kingine."

Siku ya tatu Mama Sufuria alipika uji wa mchele, mwepesi kabisa, akauchuja mara mbili, akautia kwenye chupa ya chai na kwenda hospitali ya wilaya. Binti alimwonya kwamba yule mtu akiujua ukweli anaweza kumpeleka polisi. Alijibu kwamba polisi wana milango, na yeye ana miguu.

Sajini alikuwa kitanda cha mwisho, dirishani. Taya lake lilikuwa limefungwa kwa nyaya, uso umevimba na kubadilika rangi, na bila filimbi alionekana mtu wa kawaida tu, tena mzee kuliko alivyodhani. Hakuna aliyekuja kumtazama. Kikombe cha wodi kilikuwa kando yake, kimejaa, na mrija umelala pembeni. Juu ya shuka palikuwa na daftari na kalamu.

Mama Sufuria hakuketi. Alisema amesimama, haraka, kama mtu anayetapika. Alisema habari ya chupa, siku tatu, saa sita. Alisema daktari amethibitisha. Alisema haukuwa ugonjwa, na Sajini asingekuwa na sababu ya kugusa rungu kama yeye asingekuwa na kiherehere chake. "Nilikupiga kwa kosa langu," alisema. "Watano ni wazima. Jana walitoa choo kigumu. Kitinda amempiga kumbo mwenzake sahanini."

Sajini alichukua kalamu. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka, na sasa Mama Sufuria aliuona. Aliandika maneno mawili, akamgeuzia daftari.

*Walikuwa wazima?*

Hakutaja ni wepi. Mama Sufuria angeweza kumpunguzia. Angeweza kusema walikuwa wamekauka, wangekufa tu, hakuna anayejua. Uongo mwema ulikuwa ulimini, tayari.

"Walikuwa wazima," alisema. "Tumbo tu. Siku mbili tatu wangepona."

Mtu yule alitoa sauti nyuma ya nyaya, sauti isiyo na mlango wa kutokea. Akainuka kitandani, akampiga kofi. Lilikuwa kofi la mtu mzima, la mkono mzima, lililompata shavuni na kumrusha mpaka kwenye kabati, kikombe kikaanguka kikavunjika, bega lililofungwa likamwaka moto mpaka macho yakaingia giza. Wagonjwa wakapiga kelele. Mkono wake wa kulia ulinyanyuka wenyewe, kama ulivyokuwa ukinyanyuka tangu utotoni, ukafika usawa wa uso wa Sajini. Taya lilikuwa pale pale, limeshikwa na nyaya nyembamba. Sajini hakujikinga. Alifumba macho, akasubiri, na machozi yalikuwa yakimtoka.

Mkono ulikaa hewani. Kisha ukashuka, ukafuta damu mdomoni, ukaokota chupa iliyobiringika chini ya kitanda. Aliifungua kwa meno, kwa kuwa mkono mwingine haukuwapo. Akamimina uji kwenye kifuniko, akauweka mrija, akaukaribisha kwenye midomo iliyovimba.

"Kunywa, baba," alisema. "Kidogo kidogo. Huu hauna maziwa."